Kama Kanjo Angebisha Mlango Wetu

Nikisema kanjo, wewe unaona nini? Mimi naona lori imesimama kando ya steji, mama mboga anakimbia na beseni, viazi vinabingirika kwa lami, na watu wa matatu wanacheka. Hiyo ndiyo kanjo nimekua nayo. Jina lenyewe limetoka kwa ile kaunsili ya jiji ya kitambo, na hata kaunti zilipoingia 2013 jina lilikataa kuhama. Kanjo ni kanjo. Ukiwaona, unatoka mbio.

Sasa skiza hii. Anti yangu alienda Uingereza kufanya kazi ya kutunza wazee, na akahama na mtoto wake wa miaka 11. Usiku mmoja wa Jumapili bwanake alimpiga, jirani akapiga simu, polisi wakaja. Hadi hapo ni stori tunayoijua sote. Jumatatu asubuhi binamu yangu akaenda shule akijifanya hakuna kitu, na mwalimu alikuwa ameshajua. Hakumwuliza mbele ya darasa. Alimwambia tu kwamba leo akitaka kukaa kwenye chumba cha utulivu, mlango uko wazi. Siku chache baadaye akaja mama mmoja nyumbani kwao, akaketi chini kwenye zulia na huyu boy, akamwuliza, "Wewe ulisikia nini?"

Hakumwuliza kama amepigwa. Huyo mama alikuwa ametumwa na kanjo. Kanjo ya huko.

Anti aliponisimulia hii kwa simu nilinyamaza hadi akadhani bando imeisha. Kwa sababu mimi nimekulia Eastlands, chumba kimoja kimegawanywa na pazia, na buda akirudi na hasira zake mathe alikuwa ananiambia niongeze sauti ya redio. Nilikuwa na miaka 8. Hadi leo kuna nyimbo siwezi kuskiza. Siku moja mathe alienda kuripoti, na pale kaunta akaambiwa hayo ni mambo ya nyumba, arudi wakaongee na bwanake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeshika skati yake. Hakuna mtu aliniuliza kitu. Sikuwa nimepigwa, kwa hivyo kwenye hiyo stori mimi sikuwepo.

Ndiyo maana nikaanza kusoma. Mnajua mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, karo iliisha kabla hamu haijaisha, lakini intaneti haikuulizi salio la karo. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: hilo swali la "ulisikia nini" lilitoka wapi? Nani alikaa chini akaamua kwamba kazi ya kanjo ni kuuliza mtoto vile? Nilidhani Wazungu walizaliwa nalo. Zi. Liliwachukua zaidi ya miaka 100, na kila hatua kuna mtoto alilipa.

Anza na aibu yao kwanza. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia kutesa ng'ombe na farasi. Sheria ya kwanza ya kuzuia kutesa watoto ilikuja 1889. Piga hesabu: miaka 67 ng'ombe wa Uingereza alikuwa na sheria yake, na mtoto hana. Hapo katikati, 1878, mwanamke mmoja mwandishi, Frances Power Cobbe, aliandika wazi wazi kuhusu wanaume wanaotesa wake zao, na mwaka huo huo sheria ikabadilishwa. Mke akipigwa vibaya hadi bwanake apatikane na hatia, korti ingeweza kuwatenganisha na kumpa mama watoto walio chini ya miaka 10. Angalia vile mtoto anaonekana hapo: ni kitu cha kugawanywa, kama viti vya sebuleni. Hakuna anayejiuliza ameona nini.

Ile ya 1889 ilikuwa kubwa kwa sababu iliruhusu polisi, wakiwa na kibali, waingie ndani ya nyumba ya mtu kumtoa mtoto anayeteswa. Kabla ya hapo, nyumba ya mwanamume ilikuwa ngome yake kabisa. Mnaosema siku hizi kwenye komenti kwamba "mambo ya nyumba yabaki nyumbani" ni mila ya Kiafrika, pole. Waingereza walikuwa wanaimba wimbo huo huo, na walituletea sheria zao wakiwa bado wanauimba.

Lakini bado kanjo haijafika. Kwa muda mrefu mtoto aliyetolewa nyumbani alikuwa anaangukia mikononi mwa mashirika ya hisani, nyumba za maskini, na ofisi tofauti tofauti ambazo hazikuwa zinaongea. Kilichowalazimisha kupanga hii kitu ni mtoto mmoja anaitwa Dennis O'Neill.

Dennis alikuwa wa Newport, huko Wales. Yeye na ndugu zake walitolewa kwao kwa sababu hawakuwa wanatunzwa, na baraza la mji wa Newport likampeleka kwa familia ya kumlea kwenye shamba moja huko Shropshire. Yaani mtoto ni wa kaunti moja, amewekwa kaunti nyingine. Kila upande ulidhani upande ule mwingine ndio unamwangalia. Unaijua hiyo. Ni kama barabara iliyo kati ya wodi mbili, MCA huyu anasema ni ya yule, na nyinyi mnaendelea kuruka matope. Dennis alikufa Januari 1945 akiwa na miaka 12, kwa kupigwa na njaa, na yule mwanamume aliyepewa amlee akafungwa miaka 6 kwa kuua bila kukusudia.

Aside kidogo: kuna mchezo wa jukwaani wa Agatha Christie, The Mousetrap, ulianza London 1952 na umekuwa ukichezwa miaka na mikaka. Wazo lake lilitokana na kesi hii. Watalii wanalipa tiketi kucheki kitendawili cha mauaji, na wengi hawajui chini ya hiyo hadithi kuna mtoto wa kweli.

Baada ya Dennis kukaundwa uchunguzi, halafu kamati, halafu sheria ya watoto ya 1948. Hiyo ndiyo iliambia kila baraza kubwa la mtaa: unda kamati ya watoto, na uajiri mtu anayeitwa afisa wa watoto. Mtu mmoja, jina linajulikana, ofisi inajulikana. Mtoto akipotea kwenye mfumo, kuna shingo ya kushika. Hilo jina "afisa wa watoto" si tunalo hata sisi? Ndio. Subiri, nitarudi hapo.

1948 ilikuwa ya mtoto aliyekosa nyumba. Mtoto aliye na nyumba, ana mama, ana baba, anaenda shule na sare safi, ila usiku anasikia vitu vikivunjika, huyo bado hakuna aliyemhesabu. Na mamake pia hakuwa na pa kwenda. Huyu ndiye mtoto ninayemtafuta mimi.

Anaonekana mara ya kwanza, kwa maoni yangu, London mwaka 1971, eneo la Chiswick. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Erin Pizzey aliyepata nyumba ndogo iliyochoka, ya baraza la Hounslow, ili akina mama wa mtaa wawe wanakutana na watoto wao, wakunywe chai, walalamike kuhusu bei ya vitu. Kitu kama chama. Halafu akaja mama mmoja ana alama za kupigwa, hataki kurudi kwake. Akalala hapo. Akaja mwingine. Habari ikasambaa, na wakawa wanakuja na watoto, kwa sababu hakuna mama anayetoroka akiacha watoto na mtu kama huyo. Nyumba ikajaa. Wakahamia kubwa zaidi, nayo ikajaa hadi watu wanalala sakafuni.

Hapa ndipo kanjo inaonyesha sura yake ile tunayoijua. Baraza lilikuwa limeweka kikomo: watu 36, basi. Maafisa walipoenda kukagua wakapata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Wakampeleka Pizzey kortini kwa kujaza nyumba. Kesi ilipanda hadi House of Lords, iliyokuwa korti ya juu kabisa huko, na 1977 akashindwa. Soma tena polepole. Serikali ya mtaa ilimshtaki mtu kwa kosa la kukubali kufungulia mlango mama na watoto wengi kupita kiasi. Na kusema ukweli, baraza halikuwa na wazimu, nyumba imejaa hivyo ikishika moto ni maafa. Lakini swali ambalo kila mtu alibaki nalo ni lile unalouliza sasa hivi: kama hapo pamejaa, hawa wengine walitakiwa waende wapi?

Jibu lilikuja mwaka huo huo wa 1977, na ni jibu ninaloliheshimu sana kwa sababu halina maneno matamu. Ni sheria ya nyumba. Ilisema baraza lina wajibu wa kumpatia makao mtu asiye na pa kulala kama ana watoto wanaomtegemea, na ikasema wazi kwamba mtu mwenye nyumba ambamo akirudi atapigwa, kisheria hana nyumba. Yaani mama akifika kwa kaunta akasema "niko na keja lakini nikirudi ataniua", afisa hawezi tena kumjibu "si uko na keja". Mimi nikifikiria ile kaunta aliyosimama mathe, hiyo sentensi moja ingebadilisha maisha yetu. Mathe hakukosa ujasiri. Alikosa rent na deposit ya mahali pengine.

Sasa, msidhani mabaraza yalikuwa malaika. Mwaka 1973 mtoto wa miaka 7, Maria Colwell, aliuawa na baba wa kambo huko Brighton. Alikuwa chini ya usimamizi wa baraza. Majirani walikuwa wamesema. Mwalimu alikuwa amesema. Uchunguzi ukaonyesha habari zilikuwa zimetawanyika, huyu anajua hiki, yule anajua kile, na hakuna aliyezikusanya. Na 2000 akafa Victoria Climbié, miaka 8, msichana aliyetoka Ivory Coast kupelekwa Ulaya na shangazi wa babake kwa ahadi ya masomo. Mabaraza manne ya London yalikuwa yamemgusa kwa njia moja au nyingine. Manne! Hiyo ya Victoria inaniuma zaidi kwa sababu ahadi ya masomo tunaijua. Ni wangapi hapa kwetu wameletwa mjini kwa ahadi hiyo.

Katikati ya vifo hivyo viwili kuna sheria ya watoto ya 1989, iliyoanza kutumika Oktoba 1991, na hiyo ndiyo mgongo wa kila kitu hadi leo. Ina vifungu viwili wafanyakazi wa huko wanavitaja kwa nambari tu, vile sisi tunataja nambari za matatu. Cha 17: baraza lazima lisaidie mtoto mwenye uhitaji kwenye eneo lake, hata kwa pesa taslimu. Cha 47: baraza likiwa na sababu ya kushuku kwamba mtoto anaumia vibaya, ni lazima lichunguze. Ni wajibu, si hiari. Ripoti ikiingia leo, afisa wa ustawi wa jamii anatakiwa ndani ya siku 1 ya kazi aamue hatua gani inafuata. Tathmini nzima isipite siku 45 za kazi. Naona unacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Lakini "kuumia vibaya" ni nini? Hapo ndipo nilikuwa natafuta mimi. Kwa miaka mingi mtoto asiye na alama kwenye ngozi alikuwa anateleza kati ya vidole. Afisa anakuja, anaangalia mikono, anaangalia mgongo, hakuna kitu, anafunga faili. Halafu mwaka 2002 Bunge likatunga sheria ya mambo ya kuasili watoto, na ndani yake, karibu na mwisho, kifungu cha 120, wakachomeka maneno machache ya kuongeza maana ya madhara: kwamba yanahusu pia kile kinachomharibu mtoto kwa kuona au kusikia mtu mwingine akiteswa. Yakaanza kutumika 31 Januari 2005.

Kusikia. Waliandika kusikia.

Nilipofika hapo nilitoka nje nikakaa kwa ngazi ya ploti kidogo. Mimi 2005 nilikuwa mtoto mchanga. Kufikia wakati ninaongeza sauti ya redio, kulikuwa na nchi moja ambapo kitu nilichokuwa nafanya kila wikendi kilikuwa na kifungu.

Sasa kuna upande mchafu wa hiyo sheria na lazima niuseme, kwa sababu huwa mnaniambia napenda sana vitu vya majuu. Ukishaandika kwamba mtoto anaumia kwa kusikia, swali linalofuata ni: nani alimwacha asikie? Na maofisa wengi, badala ya kumwangalia anayepiga, wakamgeukia anayepigwa. Mama anaambiwa ameshindwa kuwalinda watoto. Akibaki, wanamtisha kwamba watoto watachukuliwa. Akitoka, hana pesa. Kwa hivyo akina mama wakajifunza kunyamaza, na watoto wakafundishwa kunyamaza pamoja nao, watu wa kanjo wakija waseme kila kitu kiko sawa. Kichekesho ni kwamba dawa ilikuwepo: sheria ya 1996 ilikuwa imeruhusu korti, ikitoa amri ya muda ya kumlinda mtoto, imwondoe mwanamume nyumbani badala ya mtoto. Lakini kumtoa mwanamume mwenye hasira ni kazi. Kumtoa mtoto wa miaka 6 ni rahisi, anatoshea kwa gari.

Na kwa mama mgeni kama anti yangu kuna mtego mwingine. Viza nyingi zimeandikwa kwamba mwenyewe haruhusiwi kugusa misaada ya umma. Mwanamume anajua, na anatumia hiyo kama mnyororo: ukienda, utalala nje. Mashirika ya wanawake wahamiaji, kama Southall Black Sisters ambalo lilianza 1979, yamepigana na hii kitu miaka yote. Njia iliyobaki mara nyingi ni kupitia mtoto, kwa kile kifungu cha 17. Mama hana haki ya msaada, lakini mtoto yuko kwenye eneo la baraza na ana uhitaji, kwa hivyo baraza linaweza kulipia chumba cha wote wawili. Ukiwa na mtu wako huko majuu kwenye hali hii, mtumie hii aya. Asikubali kuambiwa hana pa kubisha.

Ile ya mwalimu kujua mapema nayo haikutoka serikali kuu. Ilianza Plymouth mwaka 2011, na mke na mume, yeye mwalimu mkuu na bwanake polisi. Fikiria hiyo meza ya chakula cha jioni. Mwalimu anasema kuna watoto wanakuja asubuhi macho mekundu, hawawezi kusoma, na hajui kwa nini. Polisi anasema jana usiku tulikuwa nyumbani kwa hao watoto. Wanakaa nyumba moja na taarifa haijawahi kuvuka meza! Wakaunda mpango unaoitwa Operation Encompass: polisi wakienda kwenye nyumba yenye dhuluma na kuna mtoto, shule inaambiwa kabla masomo hayajaanza siku inayofuata. Ukasambaa, na 2024 Bunge likauingiza kwenye sheria. Si app, si bajeti ya mabilioni. Ni simu tu.

Halafu ikaja 2020, tukafungiwa ndani, na mtoto wa kusikia akawa anasikia mchana na usiku. Bunge lao lilikuwa na mswada wa dhuluma za nyumbani, na mwanzoni watoto hawakutajwa kama waathiriwa. Mashirika yakapiga kelele hadi wakaongezwa. Sheria ikapitishwa Aprili 2021. Kifungu cha 3 kinasema mtoto anayeona, anayesikia au anayeguswa na athari za dhuluma naye ni mwathiriwa, kwa haki yake mwenyewe, si shahidi tu wala si kiambatisho cha mamake. Na mabaraza makubwa yakapewa wajibu mpya wa kugharamia msaada kwenye makao salama, kwa mama na kwa mtoto. Mwaka wa kwanza serikali ilitoa pauni milioni 125. Ni pesa, ndio, lakini mabaraza hayo hayo yalikuwa yamekatwa bajeti mwaka baada ya mwaka tangu 2010, na vituo vingi vya vijana na familia vilikuwa vimefungwa. Kwa hivyo usihame. Kuna watoto huko bado wanangoja mtu wa kuongea nao hadi wanasahau walichotaka kusema.

Sasa turudi nyumbani, nilikuwa nimewaahidi.

Mwaka 1963 Kenya ilipata sheria yake ya watoto na vijana, imeshonwa kwa kitambaa cha Kiingereza. Lakini angalia tulichorithi. Tulipata korti za watoto, mahabusu za watoto, na shule za kurekebisha tabia. Wamumu, mnayoisikia hadi leo, ilianza miaka ya 1950 kama kambi ya vijana waliokamatwa wakati wa Mau Mau. Yaani mkoloni alipofikiria mtoto Mwafrika, kwanza aliona mhalifu. Na alipofikiria kanjo ya Mwafrika, aliona leseni na faini. Sitaki kudanganya hapa, si ati hakukuwa na kitu kingine. Baraza la Nairobi lilijenga Kaloleni miaka ya 1940 na ukumbi wake wa jamii, liliendesha hospitali ya kujifungua ya Pumwani, lilikuwa na nasari. Shosho yangu anaongea kuhusu hizo nasari kama mtu anayeongea kuhusu nchi nyingine. Kanjo yetu iliwahi kuwa na mkono wa kulea. Ule wa kukamata ndio ulipata mazoezi.

Leo sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma. Kuna sheria ya kukinga watu na dhuluma za nyumbani ya 2015. Kuna sheria mpya ya watoto ya 2022. Lakini afisa wa watoto, lile jina la 1948, hapa ni mtu wa serikali ya kitaifa, anakaa ofisi ya kaunti ndogo, na kaunti yenyewe Katiba imeipa nasari na vituo vya kulelea watoto. Kuna kaunti chache zimefungua nyumba salama, na nyingi zikiambiwa zijenge zinasema hiyo si kazi yetu, nendeni Nairobi. Newport na Shropshire. Na huku uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamepigwa wakati fulani tangu wafike miaka 15. Wale watoto wao walikuwa chumba gani? Hakuna fomu inayouliza.

Hapo ndipo nimefika. Siwezi kuambia kaunti ikuletee mtu wa kukaa na wewe kwenye zulia. Ila kama unasoma hii na wewe ndiye wa kuongeza sauti ya redio, 116 ni nambari ya watoto, ni bure, na huhitaji kuwa umepigwa ndio upige.

Juzi nilimsomea mathe ile ya 2005 kwa Kiswahili, polepole, akiwa anachambua sukuma. Aliacha kisu kidogo. Akaniuliza, "Kumbe ulikuwa unasikia?"

Nikamwambia ile redio haikuwa na sauti kubwa vile.